Shajara ya mradi: protini za damu kwa mbwa wenye magonjwa ya kupe

3 Machi

Mradi huu umezaliwa na karatasi moja ya majibu niliyoiandika mwenyewe.

Mwishoni mwa mwaka jana aliletwa mbwa wa ulinzi kutoka Goba, jina lake Jeki. Amekonda mbavu zinahesabika, fizi nyeupe kama chokaa. Nikapima protini jumla kwa rifraktomita, kifaa kinachosoma jinsi mwanga unavyopinda, ikasoma gramu 70 kwa lita. Kwa mbwa mzima kiwango cha kawaida kinacheza kati ya 54 na 75 hivi, kwa hiyo nikaandika "kawaida", nikapiga muhuri, nikaita mwingine kwenye foleni. Jeki hakumaliza wiki. Siku chache baadaye nikaitoa seramu yake (maji ya damu iliyokwisha kuganda) iliyobaki kwenye friza, nikapima albumini peke yake, protini kuu ya damu. Nikakuta 18. Mbwa mwenye afya anategemewa kuwa nayo 25 na kuendelea.

Maana yake gramu 52 zilizobaki zote zilikuwa globulini, yaani protini nyingine za seramu. Albumini ilikuwa imeshuka, globulini zimepanda, zikakutana katikati, na mimi nikakuita kukutana huko uzima.

Kliniki yetu ni ndogo, iko upande wa Mbezi, na mimi ni fundi sanifu wa maabara (wenye mbwa wananiita dokta, nimeshachoka kuwasahihisha). Daktari wetu amenikubalia hivi: kila mbwa anayekuja na dalili za magonjwa ya kupe, mwenye mbwa akiridhia, tunabakiza seramu kidogo kutoka kwenye damu ileile iliyochukuliwa kwa vipimo vyake. Hakuna mbwa atakayechomwa sindano kwa ajili ya mradi. Nimepewa pia rafu moja ya friza, ile ya chini kabisa, ambayo zamani ilikuwa ya maji ya kunywa. Wenzangu hawajafurahi.

6 Machi

Vifaa. Kupima albumini peke yake kunasaidia, lakini globulini si kitu kimoja, ni ukoo. Kuna alfa, ambako haptoglobini inakaa. Kuna beta, yenye transferini inayobeba madini ya chuma. Na kuna gama, ambako kingamwili nyingi zimejaa. Ukisema tu "globulini zimepanda" ni kama kusema "ukoo umekuja msibani". Nani amekuja? Wajomba au shangazi?

Kuzitenganisha kunahitaji umeme, na njia yenyewe inaitwa elektroforesisi. Msweden Arne Tiselius aliitengeneza kwa protini za damu mwaka 1937, akapewa tuzo ya Nobeli mwaka 1948. Mtambo wake ulijaza chumba. Wetu ni tangi la plastiki la mkono wa pili, linalotosha kwenye mfuko wa Rambo, lenye waya wa platinamu pande mbili.

Nilipowaeleza wenzangu jinsi linavyofanya kazi nilitumia pantoni ya Kigamboni, na sijapata mfano bora. Geti likifunguliwa pale Magogoni, waenda kwa miguu wanachomoka wa kwanza, wanafuata bodaboda, kisha guta, magari yanatoka mwisho yakinguruma. Wote walikuwa chombo kimoja, lakini dakika tano baadaye wamejipanga barabarani kwa makundi. Kwenye bafa, kimiminika kinachotunza pH, hapa 8.6, protini nyingi za seramu zinabeba chaji hasi, hivyo ukiwasha umeme zinakimbilia upande chanya. Albumini ni ndogo na chaji yake ni kubwa, kwa hiyo inaongoza. Gama zinabaki karibu na pale ulipoweka tone la seramu kwenye jeli, nyingine hata zinasukumwa nyuma kidogo na mwendo wa maji ndani ya jeli.

Unatia pia chembe ya rangi ya bromofenoli buluu kwenye seramu. Rangi hiyo inashikamana na albumini, hivyo unaona kwa macho mbio zimefika wapi. Baada ya hapo jeli inapakwa rangi ya Amido Black na kusafishwa kwa asidi ya siki. Chumba kizima kinanuka achari.

9 Machi

Jeli ya kwanza imeharibika. Mistari imepinda kama mdomo unaotabasamu, katikati imetangulia na pembeni imebaki. Nililaumu agarosi, unga wa kutengenezea jeli, nikalaumu mkono wangu, kumbe ni joto. Kabla masika haijaanza chumba chetu kinafika nyuzi 32 mchana, na umeme wenyewe unapopita kwenye bafa unaongeza joto. Katikati ya jeli hakupoi.

Nimekwenda nje ya geti kwa mama anayeuza sharubati, nikanunua barafu zake zote za mfuko. Aliniuliza kuna sherehe gani. Nikaliweka tangi ndani ya beseni la barafu, nikarudia kwa volti 100 kwa karibu saa moja. Mistari imenyooka.

Bei ya barafu nimeiandika kwenye bajeti ya mradi. Naomba msicheke.

14 Machi

Leo wameingia mbwa wawili, na ninahisi hawa ndio watakaoubeba mradi.

Wa kwanza ni Simba, amevushwa kutoka Kigamboni nyuma ya bajaji, amelala kwenye kiroba. Homa 40.6. Mkojo rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Mzee mwenye mbwa anafuga pia ng'ombe wachache, akaniuliza kabla sijagusa sindano: "Kijana, huu si ule ugonjwa wa ng'ombe wa kukojoa damu?" Nikamwambia, shikamoo mzee, umenimalizia kazi. Ni ndugu wa karibu kabisa. Vimelea vyote viwili ni Babesia, jina lililotokana na Mromania Victor Babeş aliyeviona kwenye damu ya ng'ombe mwaka 1888. Vya mbwa ni vya aina yake na havimwingii ng'ombe kumwangusha, lakini kazi yao ni ileile, kuingia kwenye chembe nyekundu na kuzipasua.

Damu ya kioo cha hadubini nimeitoa kwenye ncha ya sikio, kwa sababu chembe zilizobeba vimelea hupenda kukwama kwenye mishipa midogo. Rangi ya Giemsa, mafuta, lenzi ya 100. Vimelea havikujificha: viwili viwili, umbo la peasi, ncha zimegusana ndani ya chembe moja. Nimeandika "Babesia kubwa" na kuishia hapo. Afrika kuna Babesia rossi, ambayo ni kali, na Babesia vogeli, ambayo mara nyingi ni nyepesi, na kwa hadubini huwezi kuapa ni ipi. Hilo linataka kipimo cha vinasaba ambacho hatuna.

Tatizo la Simba ni seramu yake. Imetoka nyekundu. Fundi yeyote akiona seramu nyekundu anajua sampuli imeharibika: sindano nyembamba mno, bomba limevutwa kwa nguvu, chembe zimepasukia mkononi mwake. Huwa tunaitupa. Lakini kwa Simba chembe zinapasukia ndani ya mishipa, kwa hiyo wekundu huo ni ugonjwa wenyewe. Utajuaje? Nilichukua tena kutoka mshipa wa shingo, sindano pana, taratibu, bila kuvuta. Ikatoka nyekundu vilevile, na mkojo unathibitisha. Nimeihifadhi, nikaichora nyota.

Ujazo wa chembe nyekundu ni asilimia 19. Protini jumla 61, ingawa rifraktomita inahesabu na hemoglobini iliyomwagika, kwa hiyo hata hiyo 61 naipokea kwa mkono wa kushoto. Daktari amempiga imidokabu, dawa ya Babesia, sindano ya pili baada ya siku 14.

Wa pili ni Popo, jike la German Shepherd, miaka sita. Amekuja na mama mmoja wa makamo na kijana mlinzi, wote wawili nguo zina matone ya damu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu anatoka damu puani tangu juzi. Mlinzi anasema kapigwa jiwe, mimi siamini. Hali chakula wiki ya tatu."

Mlinzi akasema kwa sauti ya chini kwamba kupe anawatoa kila siku na kesho yake wamerudi. Nikamuuliza banda ni la nini. Matofali, halijapigwa plasta. Hapo ndipo wanapolala. Kupe wa kahawia wa mbwa, Rhipicephalus sanguineus, hashindi mwilini siku zote. Akishiba anashuka, anapanda ukuta, anajibanza kwenye nyufa, na jike mmoja anataga mayai kwa maelfu. Mnamtoa kwenye mbwa, kumbe nyumba yake ni banda.

Seramu ya Popo sijawahi kuona. Ni nzito, inachelewa kushuka kwenye pipeti kama uji wa ulezi. Protini jumla 98. Kwenye kioo, chembe nyekundu zimejipanga kama sarafu juu ya sarafu, na nyuma yake kuna ukungu wa buluu ambao Giemsa unauacha pale protini inapozidi. Chembe sahani, zile za kugandisha damu, za kuhesabu kwa vidole. Kipimo cha haraka cha kingamwili za Ehrlichia canis kimeonyesha mstari. Antibiotiki ya doksisaiklini siku 28, kuanzia leo.

18 Machi

Ubishi wa jina. Niliandika juu ya daftari "vimelea vya kupe", daktari akasema Ehrlichia ni bakteria. Ni kweli: ni bakteria anayeishi ndani ya chembe nyeupe, aliyeelezwa mara ya kwanza Algeria mwaka 1935. Babesia na Hepatozoon ndio vimelea wa kweli. Lakini kupe yuleyule wa kahawia anabeba Ehrlichia, Babesia vogeli na Hepatozoon canis (huyu wa mwisho mbwa humpata kwa kumla kupe, si kwa kuumwa naye), na mbwa wa Dar hachagui. Daftari limebaki "magonjwa ya kupe".

24 Machi

Siku ndefu. Jeli yenye mbwa wanane, wa kwanza kupangwa pamoja. Nimeipiga picha kwa skana ya ofisi, nikaifungua kwa ImageJ, programu ya bure inayokuchorea ukolezi wa kila mstari kama vilima. Unapata asilimia ya kila kundi, unazidisha kwa protini jumla, unapata gramu.

Simba: albumini asilimia 36, yaani gramu 22 tu. Alfa-2, sehemu ya pili ya kundi la alfa, imefura, asilimia 24. Huyu ni mbwa aliyeugua siku chache. Ini linapopata habari ya vita linabadilisha ratiba ya kiwanda: linapunguza albumini, linatengeneza protini za dharura, na nyingi zinatokea eneo la alfa. Haptoglobini ni mojawapo, na kwa Simba inavutwa pande mbili. Ini linaizalisha kwa wingi, huku hemoglobini iliyomwagika inaikamata na kwenda nayo. Kinachoonekana kwenye jeli ni salio la mvutano huo. Kuna pia uchafu eneo la beta, ambako hemoglobini isiyopata mbebaji hukaa. Beta ya Simba siihesabu.

Popo: albumini asilimia 18. Gama asilimia 52! Zaidi ya nusu ya protini zote kwenye damu yake ni kundi la kingamwili, gramu 51 kwa lita. Umbo lake ni kilima kipana chenye mteremko mpole pande zote, maana zimetengenezwa na koo nyingi za chembe kwa pamoja. Na hazimsaidii. Ehrlichia amejificha ndani ya chembe, mwili unarusha mishale usiku kucha kwenye ukuta wa nyumba. Nimekumbuka habari za mbwa wa jeshi la Marekani kule Vietnam, German Shepherd wengi, waliokufa kwa mamia kwa ugonjwa huu huku wakitokwa damu puani. Aina hii ya mbwa huumizwa nao kuliko nyingine, na ndiyo inayopendwa kulinda mageti ya mjini hapa.

Sasa aibu yangu. Mbwa namba 7, dume la Tegeta, sampuli imeletwa na bodaboda. Kati ya beta na gama umesimama mstari mwembamba, mkali, kama mnara wa simu. Kila kitabu kinasema kilima ni maambukizi na mnara ni hofu: ukoo mmoja wa chembe umeasi na unatengeneza aina moja tu ya kingamwili, huenda ni saratani ya uboho. Ehrlichia wakati mwingine inatoa mnara wa namna hii, na ndiyo maana mtu hakimbilii kutoa hukumu. Nikamwita daktari. Tukasimama wawili mbele ya skrini. Tukaanza kupanga nani ampigie mwenye mbwa na aseme nini.

Tumshukuru mwanafunzi wa mafunzo kwa vitendo, aliyepita nyuma yetu na kuuliza, "Kaka, hiyo ya namba saba si ilikuja kwenye kifuniko cha zambarau?"

Ilikuja kwenye zambarau. Zambarau ina dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa hiyo niliyoichota ni plazma. Plazma bado ina fibrinojeni, protini ya kugandisha, ambayo kwenye seramu imeshaondoka pamoja na bonge. Na kituo cha fibrinojeni kwenye jeli ni palepale, kati ya beta na gama.

Jioni nimerudia ili nisibaki na "labda". Njia ya kwanza seramu ya Popo, ya pili plazma ya Popo, tarehe moja, mbwa mmoja. Plazma ina mnara, seramu haina. Namba 7 ameombwa arudi kwa kifuniko chekundu. Nimeandika kwa kalamu nene juu ya tangi: CHEKUNDU TU. Kama tungempigia yule mwenye mbwa mchana, sijui ningemtazamaje usoni.

28 Machi

Simba amekuja kwa sindano ya pili, safari hii anatembea na anamvuta mzee wake. Seramu ni ya manjano. Jumla 66, albumini 28, alfa-2 imeshuka hadi asilimia 15. Kwa wiki mbili hiyo ni mbio.

Daktari ameuliza kwa nini tusipime CRP, mojawapo ya zile protini za dharura za ini, ambayo kwa mbwa hupanda ndani ya saa chache na inaweza kuongezeka mara mia, kisha ikashuka haraka mgonjwa akipona. Swali zuri. Kwenye jeli huwezi kuiona, hata ikipanda hivyo bado ni chache mno mbele ya albumini. Inataka kifaa chake, na kifaa hicho kimezidi bajeti yetu ya barafu.

2 Aprili

Nilidhani sehemu rahisi ingekuwa kupata mbwa wazima wa kulinganisha nao. Nimezunguka siku tatu. Mbwa wa jirani: minyoo. Mbwa wa mama sharubati: ukurutu mgongo mzima. Mbwa wawili wa polisi mstaafu mmoja: safi, wanang'aa, kipimo cha haraka cha Ehrlichia kikaonyesha mstari wa zamani. Minyoo na ngozi mbovu vinapandisha gama kama kupe tu. Umri nao unaingia, maana mtoto wa mbwa ana globulini chache na mzee anazo nyingi.

Viwango tunavyotumia vilitoka kwa mbwa wanaolala kwenye zulia nchi za baridi. Nikiwapima kwa hivyo, karibu kila mbwa wa mtaani kwetu ana gama "iliyozidi" hata akiwa anakimbiza pikipiki asubuhi mpaka jioni. Nimeamua kuchukua wale wanaokuja kufungwa kizazi, wenye uzito mzuri, hawana homa, kioo hakina kitu, na kuwaita "wasio na dalili". Sitawaita wazima. Daktari anasema ni woga. Mimi nasema nilishawahi kuandika neno "kawaida" kwa haraka.

8 Aprili

Mvua kubwa, umeme umekatika usiku mpaka asubuhi. Rafu ya chini ya friza ndiyo inayoyeyuka ya kwanza, sasa nimejua kwa nini walinipa. Barafu ilikuwa imebaki katikati ya mirija mingi, lakini kumi na moja iliyeyuka kabisa. Kuganda na kuyeyuka mara kwa mara kunaumiza protini, kwa hiyo hiyo kumi na moja nimeiwekea alama ya msalaba. Jeki yumo kati ya iliyosalimika. Mrija wake nilikuwa nimeusukuma nyuma kabisa, kwenye pembe, sikumbuki kwa sababu gani.

Mirija yote imehamia rafu ya juu bila kikao.

11 Aprili

Siku ya 28 ya Popo. Mama ameingia akicheka: "Mwanangu, juzi kala ugali wa mlinzi pamoja na sahani." Pua kavu, chembe sahani zimerudi kiwango cha kuridhisha, uzito umepanda kilo tatu.

Nikakimbilia jeli nikitegemea kilima kimelainika. Jumla 94. Gama asilimia 49, gramu 46. Albumini imesogea kutoka karibu 18 hadi 21. Mbwa amepona machoni na mdomoni, lakini damu bado inaimba wimbo wa mwezi uliopita.

Daktari hakushangaa. Dawa inaua bakteria, haizifuti kingamwili, na viwanda vyake havifungwi siku moja. Gama hushuka polepole, kwa miezi, mara nyingi zaidi ya sita. Ikishuka hatua kwa hatua ndipo unaweza kuanza kuamini kwamba mdudu ameondoka. Ikigoma, au ikishuka kisha ikapanda, bado yumo. Kwa hiyo jeli ya leo ni nukta ya kwanza tu, na nukta moja haina mwelekeo.

Mama akauliza kama anaweza kuacha kupulizia banda. Tulijibu wawili kwa pamoja kwamba hapana. Mlinzi ameahidi plasta mwezi huu, mfuko wa saruji umeshafika.

17 Aprili

Kuna jambo limekuwa likinisumbua tangu Machi. Albumini za mashine ya rangi, ile inayopima albumini peke yake, na albumini za jeli hazipatani, na hazikosani ovyo. Kwa wasio na dalili zinakaribiana. Kwa wagonjwa, mashine iko juu kila mara.

Jibu liko kwenye rangi yenyewe. Mashine inatumia bromokresoli kijani, inayoshika albumini haraka, na ukiiacha muda inaanza kushika globulini pia, hasa za alfa. Mgonjwa wa Babesia au Ehrlichia ana alfa nyingi. Kwa hiyo kadiri mbwa anavyozidi kuugua ndivyo mashine inavyozidi kumpunguzia ugonjwa. Nilikuwa nasoma baada ya dakika tano, kwa sababu dakika tano zinatosha kuandika lebo. Leo nimesoma sekunde 30 baada ya kuchanganya na tofauti imepungua sana, ingawa haijaisha.

Kumbukumbu zetu za miaka yote zimesomwa kwa dakika tano.

24 Aprili

Nilikuwa nimemuweka Jeki wa mwisho, kwa sababu seramu yake inatosha njia moja tu na sikutaka kuipoteza kwenye jeli ya majaribio. Leo jeli ni ya kumi na nne, mikono imezoea, barafu ipo. Nimemweka kati ya Popo wa Machi na dume mmoja asiye na dalili.

Mstari wa albumini wa Jeki ni mwembamba kuliko wote kwenye jeli. Asilimia 22 ya gramu 70: gramu 15. Ile 18 ya mwaka jana, ambayo ndiyo iliyonishtua, nayo ilikuwa imepambwa na rangi. Gama asilimia 38, kilima kipana kama cha Popo kwa umbo, chini kwa kimo. Kwa protini hizo peke yake siwezi kusema alikuwa na nini, na kioo chake tulishakitupa. Mwanafunzi aliniuliza kama mwenye Jeki ataambiwa. Tumekubaliana daktari atampigia, maana ameshachukua mbwa mwingine na banda ni lilelile.

Fomu ya majibu imechapishwa upya leo mchana. Mstari wa protini jumla sasa una mistari miwili chini yake, albumini na globulini, na uwiano wake. Kisanduku cha "kawaida" kimeondolewa kwenye jumla. Ukitaka kuandika neno hilo utaliandika kwa mkono wako, mara mbili.

Kinachofuata: namba 7 kwa kifuniko chekundu, bado hajarudi. Sampuli za wasio na dalili zimefika tisa. Popo anarudi 11 Julai, nimeandika tarehe kwenye utepe wa karatasi na kuubandika kwenye mlango wa friza, rafu ya juu.